Minnesota: Baridi, Gereji na Hita ya Kurudi Nayo

Mtu akikwambia anakwenda Marekani kumtembelea mume wake, picha inayokuja kichwani ni ile ile: maghorofa, maduka makubwa, chakula cha jioni na mishumaa mezani. Na mimi niliondoka Dar na picha hiyo. Nikatua Minneapolis Jumamosi moja ya Januari 2025, na kesho yake tukitoka kanisani mume wangu akanipeleka moja kwa moja kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tulisimama karibu saa nzima mbele ya rafu ya hita. Sio hita za chumbani, wala za maji ya kuoga. Hita za gereji.

"Gereji ya nani?" nikauliza, maana kwangu gereji ni kwa fundi magari, oili chini na redio juu.

"Ya kwetu, mke wangu. Si pale gari linapolala."

"Kwani gari nalo linasikia baridi?"

Akacheka mpaka mhudumu akageuka. Kumbe swali langu wala halikuwa la kipuuzi. Kule gari linasikia baridi. Kila kitu kinasikia baridi, hata gundi.

Minnesota iko juu kabisa ya ramani ya Marekani, inapakana na Kanada. Januari ya kawaida pale Minneapolis usiku hushuka hadi kama nyuzi 13 chini ya sifuri, na mchana hupanda, kama "kupanda" ndilo neno lenyewe, hadi nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri. Hiyo ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni kama ile ya tarehe 30 Januari 2019, uwanja wao wa ndege ulipopima nyuzi 33 chini ya sifuri na posta ikasitisha kugawa barua. Mume wangu ndio kwanza alikuwa na miezi michache nchini. Nakumbuka alinipigia simu siku hiyo akiwa kitandani, amevaa koti na viatu.

Mimi asubuhi yangu ya tatu kipimo kwenye dashibodi ya gari kilisoma nyuzi 24 chini ya sifuri. Nilivuta pumzi moja tu nje ya mlango, nikasikia vinyweleo vya puani vimesimama kama sindano. Nilikuwa nimevaa suruali mbili, soksi mbili, sweta, koti la kuazima na kilemba. We acha tu!

Mhehe wa Mafinga na gereji yake

Msomaji wangu, lazima nikueleze kidogo kuhusu huyu bwana, la sivyo utaona ni ujinga watu wazima kugombana kwa sababu ya hita.

Mume wangu ni Mhehe wa Mafinga, fundi seremala mtoto wa fundi seremala. Kakulia karibu na msitu wa Sao Hill, ile misonobari isiyoisha unayoiona ukitoka Iringa kwenda Makambako. Baridi si mgeni kwake. Juni na Julai kule Mufindi watu wanavaa makoti mazito, na sisi wa Dar tukienda kwa wakwe tunajidai tunaumwa ili tusitoke kitandani. Mwaka 2018 alishinda ile bahati nasibu ya viza ya Marekani. Akaja Minnesota kwa sababu rahisi tu: makanisa ya Kilutheri ya Saint Paul na Dayosisi ya Iringa yana ushirika unaoitwa Bega kwa Bega, kwa hiyo watu aliokuwa anawafahamu Marekani nzima walikuwa huko. Mpaka leo kuna vikongwe wa Kizungu wanaomsalimia "Kamwene!" mlangoni mwa kanisa.

Tukafunga ndoa Desemba 2022, alipokuja likizo. Tangu hapo ndoa yetu ilikuwa ya simu. Nyinyi mnaolala kila mmoja na simu yake shavuni mnanielewa.

Mchana anafanya kazi ghalani. Tulikuwa tunawacheka watu wa majuu kwamba wanakwenda "kubeba boksi", basi yeye anabeba kweli, boksi lenye kona nne. Jioni ndio anakuwa fundi. Kapanga nyumba Brooklyn Park, kitongoji cha kaskazini mwa jiji chenye Waafrika wengi sana, na nyumba ina gereji ya magari mawili: futi 24 kwa 24, yaani zaidi ya mita saba kila upande. Nusu gari, nusu karakana. Anatengeneza meza za kulia na vitanda, anawauzia Wakenya, Waliberia na Watanzania waliochoka samani za kuunga kwa skrubu. Hela hiyo haiguswi. Ni ya nyumba yetu ya Mafinga, ambayo imefika kwenye lenta na imesimama hapo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Sasa tatizo. Kuta za gereji ile zilikuwa mbao nje, hewa katikati, basi. Mlango wa gari ni bati jembamba lenye upana wa chumba. Ukiingia Januari ni kama umeingia kwenye friji la bucha. Nilijua kwamba mikono inakufa ganzi, lakini sikujua habari ya gundi. Gundi ya mbao ya maji haipendi chini ya nyuzi 10 hivi. Ikipata baridi haishiki, inakauka nyeupe kama chaki. Majira ya baridi yaliyotangulia alimpelekea mteja meza ya watu wanane, na wiki ya pili mguu mmoja ukachomoka watu wakiwa mezani. Alirudisha hela yote. Hakuniambia. Nimekuja kuambiwa na mke wa mteja, kanisani, akicheka.

Jioni ya king'ora

Alichokuwa nacho wakati nafika ni kile kidude wanachotumia kwenye ujenzi: bomba la chuma lenye feni nyuma na moto mbele, limeunganishwa na mtungi wa gesi. Kikiwaka kinanguruma kama ndege inataka kupaa. Na kwa kweli kinapasha. Dakika kumi tu nilivua koti.

Jumatano ya wiki ya kwanza nikaenda kukaa naye. Nilibeba chai ya tangawizi kwenye chupa, nikaketi juu ya rundo la mbao, yeye anapiga msasa, tunapiga stori. Miaka miwili nilikuwa nikiiwaza jioni kama ile. Mlango wa gari tulikuwa tumeufunga kabisa, maana nani afungue mlango kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri? Baada ya saa moja na kitu kichwa kikaanza kunigonga. Nikadhani ni uchovu wa safari. Nikasimama, miguu ikawa kama si yangu.

Ndipo king'ora kikalia ndani ya nyumba, ukumbini, karibu na chumba cha kulala. Jimbo la Minnesota linalazimisha kila nyumba iwe na king'ora cha kaboni monoksidi ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Mungu awabariki waliotunga sheria hiyo. Mume wangu alizima gesi, akanishika kiuno, tukatoka nje kwenye theluji, mimi na kandambili. Wazima moto walifika na kipimo chao, wakafungua milango yote, wakatukagua, wakasema maneno machache sana. Mmoja alikitazama kile kidude, akatutazama sisi, akatikisa kichwa.

Moto wowote unaokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, na hewa hiyo haina harufu wala rangi. Ukiivuta inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, wewe unajiona umechoka tu, unajilaza. Kikichonisumbua usiku ule ni kwamba mume wangu alikuwa anajua. Mafinga kila msimu wa baridi watu wanaonywa wasilale na jiko la mkaa chumbani, na yeye mwenyewe kuna mazishi ya namna hiyo aliyohudhuria akiwa mtoto. Hathubutu kuingiza jiko la mkaa ndani. Lakini kwa kuwa hiki kilikuwa na feni, maandishi ya Kiingereza na kilinunuliwa dukani kwa risiti, basi akakiamini.

Nilimwambia hivyo. Hakujibu. Akakitoa kidude nje, kikalala kwenye theluji mpaka nilipoondoka.

Jiji linalojipasha moto

Kwa siku tatu gereji ilifungwa, na ndio nikapata ule utalii niliokuwa naudai. Ila jamani, ukishaanza kuwaza hita huoni kingine.

Alinipeleka katikati ya Minneapolis. Pale watu hawapiti barabarani Januari, wanapita juu. Majengo yameunganishwa kwa madaraja ya vioo ghorofa ya pili, mtandao wa maili 9 na nusu, yaani kama kilomita 15, unaogusa mitaa 80. Unaweza kutoka benki ukaenda kula, kunyoa na kumwona daktari wa meno bila kuvaa koti. Chini kwenye lami hakuna mtu. Nilihisi kama niko kwenye kichuguu, sisi ni mchwa wa vioo.

Kesho yake tukaenda Mall of America, kule Bloomington, iliyofunguliwa mwaka 1992. Ina bustani ya michezo ndani, treni za kuzunguka hewani, kila kitu. Kilichonishangaza sikukiona kwa macho: maeneo yake ya wazi hayana mfumo mkuu wa kupasha joto. Yanapashwa na jua linaloingia kwenye paa la vioo, na taa, na miili ya watu. Yaani wanunuzi ndio hita. Nikamwambia mume wangu, kumbe gereji yako ingetosha kuita wageni. Akasema kwa idadi ya Watanzania wanaochelewa, tungeganda kabla hawajafika.

Tukapita Minnehaha, maporomoko ya mita 16 yaliyoganda yakawa pazia la barafu lenye rangi ya buluu. Tukapiga picha mbili tukakimbilia garini.

Lakini mahali paliponikaa moyoni ni ziwani. Maziwa yakishaganda, watu wanaburuta vibanda vya mbao mpaka katikati, wanatoboa tundu kwenye barafu, wanakaa ndani wanavua samaki. Mtu akitembea kwa miguu anashauriwa barafu iwe na unene usiopungua sentimita 10. Tulikaribishwa na mzee wa kanisani kwenye kibanda chake. Ndani mna viti viwili, kahawa, kihita kidogo cha gesi, na juu ya mlango, nikaona kwa macho yangu, king'ora cha kaboni monoksidi. Dirisha limeachwa wazi kidogo makusudi. Mzee wa watu yuko juu ya maji, amejenga nyumba ya miezi miwili, na bado anajua joto lake linatoka wapi na moshi wake unakwenda wapi. Mwezi Machi anaiburuta nyumba yake anarudi nchi kavu. Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anaangalia tundu.

Karatasi chini ya misumari

Jumamosi ya wiki ya pili nilikuwa nafagia maranda kule gereji, nikainua kopo la misumari, chini yake nikakuta karatasi imekunjwa. Ulikuwa ni mkataba. Mwenye nyumba, mama mmoja wa makamo, alikuwa amekubali kuchangia nusu ya gharama ya hita ya gesi ya kufunga darini, na bomba lake na kibali chake, jumla dola 2,400. Sharti: tusaini upangaji wa miaka mitatu. Jina la mume wangu lilikuwa limeshachapwa. Sahihi bado.

Ndio nikaelewa kwa nini kule dukani alikaa muda mrefu mbele ya zile za gesi.

Sikupiga kelele. Nilikwenda jikoni nikaweka karatasi mezani, nikaweka na chai.

"Hii ni nini?"

"Ni hita, mke wangu."

"Hapa pameandikwa miaka mitatu."

"Ndio masharti yake."

"Wewe ulisema miaka miwili, mwaka 2018."

Hapo akanyamaza. Nina miaka 33, na kuna hesabu mwanamke wa miaka 33 hahitaji kalkuleta. Nikamwambia nimeacha kazi yangu ya benki kwa likizo isiyo na malipo nije nikae naye wiki sita, na yeye ananipangia miaka mitatu chini ya kopo la misumari. Nikasema na mengine, ambayo hayahitaji kuchapishwa.

Aliponijibu hakunijibu kwa hasira. "Baridi hapa inaanza Novemba inaishia Machi. Miezi mitano kila mwaka siwezi kugusa mbao. Boksi peke yake linalipa kodi na chakula, halimalizi nyumba. Nikiwa na joto, ile nyumba naipaua. Nisipokuwa na joto, hiyo miaka mitatu itakuja yenyewe bila mkataba."

Sasa mtu kama huyo unamfanya nini? Ana kosa, na anasema kweli.

Mzee wa Kisii

Tulichofanya ni kumwita mtu wa tatu. Minnesota ina Wakenya wengi kutoka Kisii, na mmoja wao, mzee wa miaka sitini hivi, ni fundi umeme mwenye leseni. Shikamoo yangu ilimchukua sekunde mbili kuitikia, akaniita binti yangu, akazunguka gereji mikono nyuma.

Kwanza akakiangalia kile kidude kwenye theluji. "Hiyo kitu ni ya site, si ya nyumba," akasema. Akatueleza kitu ambacho sikuwa nakijua: gesi ya mtungi ikiungua bila bomba la kutoa nje haitoi moshi tu, inatoa na maji. Mtungi wa kilo 9 ukiisha, karibu lita 15 za maji zimeingia hewani kama mvuke, zinatafuta pa kutua. Zinatua kwenye misumeno na patasi zako, ndio ile kutu. Na moto ulio wazi, na vumbi la mbao, na mvuke wa vanishi, chumba kimoja? Hakumalizia sentensi.

Hita ya gesi yenye bomba, hasa ile inayovuta hewa yake nje na kutoa moshi wake nje, akaisifia. Kwa joto lile lile gesi ya bomba pale ni nafuu kuliko umeme, na kama mtu ni mwenye nyumba na anakesha gerejini miaka nenda rudi, asihangaike na nyingine. Vile vihita vidogo vya kuchomeka ukutani akavicheka: soketi ya kawaida ya Marekani ni volti 120, na vingi vinaishia wati 1,500. Kwenye gereji ile ni sawa na kuwasha jiko moja la mkaa uwanja wa taifa. Zile za mionzi, zinazopasha mtu badala ya hewa, alisema ni nzuri kwa anayesimama sehemu moja, ila mbao iliyo kona ya pili itabaki baridi na gundi yake vilevile.

"Sasa ninyi," akasema, "mnakaa ama mnaenda?"

Hakuna aliyejibu. Mume wangu aliangalia juu, mimi nikaangalia jedwali la msumeno.

"Swali ni la hita," akasema mzee, na nadhani alikuwa anatuonea huruma.

Hapo ndipo akatuonyesha sanduku la swichi kuu za umeme. Lilikuwa mle mle gerejini, mita mbili kutoka pale pa kufunga hita. Kwa hiyo waya ni mfupi, gharama ni ndogo. Akapendekeza hita ya umeme ya wati 5,000, volti 240, yenye feni, ya kuning'iniza pembeni karibu na dari. Inavuta kama ampia 21, inataka laini yake peke yake yenye breka ya 30. Haina moto, haina moshi, haina maji. Inafungwa kwa skrubu nne.

Mimi nikauliza swali langu la pili la kipuuzi. "Volti 240 si kama za nyumbani?"

Mzee akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akasema sehemu inayotoa joto ni waya tu, haijali sana, Mafinga itawaka. Feni ndiyo ya kuangalia, kwa sababu umeme wa Marekani unapigapiga mara 60 kwa sekunde na wa kwetu mara 50, itazunguka polepole kidogo. "Uonyeshe fundi wa huko kabla ya kuwasha," akasema. "Lakini ni kitu ya kubeba."

Mume wangu akasema, "Mafinga mwezi wa saba inaweza kufaa."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Kwa mwanaume wa Kihehe ni hotuba.

Fungate yetu

Msinielewe vibaya, hita ilikuwa ndiyo kazi ndogo. Mzee alituambia wazi kwamba wati 5,000 kwenye gereji yenye kuta tupu ni kutia maji kwenye gunia. Bila kuziba tungehitaji hita yenye nguvu zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo hela ya kwanza ilikwenda kwenye kuziba: magodoro ya nyuzi za kioo katikati ya nguzo za ukuta na juu ya dari, bodi za jasi za kufunika, vipande vya povu gumu kwenye mlango wa gari, na mpira mpya wa kuziba ule uwazi wa chini ambako theluji ilikuwa inachungulia. Mwenye nyumba alikubali, maana ukuta tunamwachia. Mkataba wake wa miaka mitatu tulimrudishia kwa heshima, akatupa wa mwaka mmoja.

Jumamosi mbili mimi na mume wangu tulivaa barakoa na glavu tukajaza kuta. Zile nyuzi za kioo zinawasha kuliko upupu. Usiku tulikuwa tunajikuna migongo kama nyani. Fungate hatukuwahi kuipata mwaka 2022, alikuwa na siku tisa tu za likizo na nne zilikwisha kwa wakwe. Nikihesabu vizuri, fungate yangu ilikuwa ndani ya gereji ya Brooklyn Park, na barakoa usoni.

Mzee wa Kisii akafunga laini, mkaguzi akaja akapitisha. Hita yenyewe ilikuwa dola 180. Tuliifunga pembeni mwa mashine ya randa, juu, mbali na vumbi la msumeno. Hata hivyo kila Ijumaa anaizima, inapoa, anaipuliza kwa hewa, maana vumbi la mbao likikaa kwenye waya wa moto linaanza kunukia kabla halijaanza kuwaka. Kwa wenye gesi kuna na sheria ya kukumbuka: chochote chenye moto au cheche kwenye gereji kikae angalau sentimita 46 juu ya sakafu, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito, unatambaa chini kama nyoka. King'ora cha pili tulikiweka ukutani karibu na mlango wa ndani. Haitoi moshi, najua. Gari linatoa.

Jioni ya kwanza aliiwasha saa moja kabla ya kuanza kazi. Nilipoingia kipimo kilisoma nyuzi 14. Hakuna mngurumo, feni tu inapumua. Gundi ilikuwa imekaa mezani inametameta kama asali. Aliunga kitanda cha mteja wake, mimi nikamshikia clampu, na ile chai ya tangawizi safari hii niliinywa mpaka mwisho. Tukapiga hesabu: hata ikiwaka mfululizo saa tatu, umeme wa jioni moja ni kama dola mbili na ushee. Kitanda kimoja kinalipa msimu mzima.

Kuhusu sisi, tulikubaliana majira mawili ya baridi. Sikumwandikisha popote. Mashosti zangu wa Dar wameniambia ni mjinga, kwamba mwanaume anaandikishwa. Inawezekana. Ila mimi nilishaona anachofanya na karatasi, na nilishaona anachofanya na skrubu nne.

Siku ya kuondoka nilikwenda gerejini kuchukua kilemba changu. Chini ya meza ya kazi, nyuma ya mbao za mwaloni, nikakuta boksi la ile hita. Alikuwa amelikunja vizuri, na yale mapovu yake ya kukinga ndani, na mfuko wa nailoni, na karatasi ya maelekezo. Juu yake kaandika kwa penseli ya fundi, kwa ule mwandiko wake mbaya: MAFINGA.

Nikalirudisha pale pale, nikapanga mbao mbele yake kama nilivyozikuta.